Kupokea Nako Ni Moyo



Wapenzi wasikilizaji, wahenga walituachia neno tunalolirudia kila mara kwenye michango ya parokia: kutoa ni moyo, si utajiri. Neno hilo ni la kweli. Lakini dominika ya leo twapenda kuligeuza upande wa pili na kujiuliza: je, na kupokea? Yule anayepewa hahitaji moyo? Ili tulielewe vema swali hili, tutawasimulia habari ya mume na mke tuliowafahamu katika milima ya Usambara, habari ambayo sisi wenyewe hatukuanza nayo vizuri.

Wanaoijua Lushoto wajua jinsi nchi ile ilivyo. Ukitoka Mombo, pale bondeni, barabara hupanda kwa kona kali zaidi ya kilomita 30, ukipita Soni, mpaka ufike mjini. Nje ya barabara hiyo ni njia za udongo, miteremko na miinuko, mashamba ya kabichi na karoti yaliyoning'inia kwenye ubavu wa mlima. Huko aliishi katekista mmoja aliyehudumia vigango vitatu kwa miguu yake mwenyewe. Alitoka alfajiri na kurudi usiku, na wakati wa masika alirudi akiwa ameshika viatu mkononi.

Katekista huyu alikuwa na ndoto moja ambayo hakuisema. Aliwahi kuwaona wageni wakipita kijijini na baiskeli za milimani, zile zenye tairi nene za meno, breki zenye nguvu na gia nyingi. Baiskeli za namna hiyo zilianza miaka ya 1970 huko California, nchini Marekani, pale vijana walipozitengeneza upya baiskeli kuukuu ili washuke nazo Mlima Tamalpais. Mwaka 1996 mashindano yake yaliingia katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta. Kwa vijana wale ulikuwa mchezo. Kwa katekista wetu ilikuwa njia ya kufika kigango cha tatu kabla watu hawajakata tamaa na kurudi nyumbani. Alikata picha ya baiskeli hiyo katika gazeti kuukuu, akaihifadhi ndani ya daftari lake la mafundisho. Mkewe aliiona siku moja alipokuwa akipanga vitabu, naye hakusema kitu.

Kwa miaka miwili mama huyo alicheza upatu na wanawake wenzake wa sokoni. Kila alipouza karoti aliweka kidogo pembeni. Zamu yake ilipofika, alimtuma kaka yake, aliyekuwa utingo wa lori, amletee kutoka Tanga baiskeli ya mtumba, iliyo imara. Na kwa kuwa baiskeli za milimani huja bila karia, alimtafuta fundi akafunga karia ya chuma, yenye upana wa kutosha mkoba wa vitabu vya katekesi. Jumapili moja ya mvua, mume aliporudi amelowa mpaka kwenye mifupa, aliikuta ndani, imefunikwa kitenge.

Ndugu wasikilizaji, pengine mwatazamia kusikia kwamba alicheka kwa furaha. La. Aliuliza maswali matatu: Fedha hizi umezitoa wapi? Kwa nini hukuniambia? Na watu watasema nini, wakisikia mwanamke amemnunulia mumewe baiskeli na jiko letu linavuja? Kesho yake walifika kwetu wote wawili, yeye mbele, mkewe nyuma.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Tulimsikiliza mume, kisha, kabla ya kumpa mke nafasi, tukaanza kufundisha. Tulisema kwamba katika nyumba ya Kikristo fedha hupangwa na wawili, na kwamba siri ni mchwa wa ndoa. Maneno hayo ni sahihi, wala hatuyafuti leo. Lakini tuliyasema kabla ya wakati wake, na kwa mtu asiyestahili kuambiwa.

Tulipomaliza, mama alisema kwa upole: “Padre, jiko ni langu. Mvua inaninyeshea mimi. Mabati yangenunuliwa kwa fedha ile, najua. Lakini ningemwambia, angekataa. Huu ni mwaka wa kumi na nne wa ndoa yetu, na sijamwona akipokea kitu mkononi mwangu isipokuwa chakula.”

Tulinyamaza. Katekista naye aliinamisha kichwa. Ndipo tukakumbuka habari ya karamu ile ya mwisho, anayotusimulia Yohane Mwinjili. Bwana alijifunga kitambaa, akainama kuwaosha miguu wanafunzi wake. Petro alikataa. Kwa nini Petro, aliyempenda Bwana hata kumfuata popote, alikataa? Alikuwa tayari kumtolea Bwana hata uhai wake; lakini kuketi tu, akainyoosha miguu yenye vumbi na kuhudumiwa, hilo lilimshinda. Naye Bwana hakulichukulia jambo lile kuwa adabu njema. Alimwonya kwamba asipokubali kuoshwa hatakuwa na sehemu pamoja naye.

Wapenzi, kuna kiburi kinachovaa vazi la unyenyekevu. Tunasema, “Mimi sitaki kumsumbua mtu,” kumbe hatutaki kuwa na deni la upendo. Tunataka siku zote mkono wetu uwe juu na wa mwenzetu uwe chini. Wababa wengi wa familia wanaugua ugonjwa huu, na makatekista pia, nasi mapadre hatukusalimika. Tumezoea kuwapa watu, hata tukasahau jinsi ya kupewa. Lakini asiyejua kupokea kutoka kwa mke anayemwona, atapokeaje neema kutoka kwa Mungu asiyemwona? Kwa maana wokovu wetu hatukuununua, tulipewa. Ekaristi Takatifu hatuinyakui altareni. Tunainyooshea mikono, au tunafumbua vinywa kama watoto. Hata siku ya arusi, kila mmoja hutamka mbele ya Kanisa kwamba anampokea mwenzake. Hatamki kwamba amempata, wala kwamba amemshinda. Anampokea.

Huenda mtu akauliza: Je, Padre, wahalalisha siri ndani ya nyumba? Hapana. Twasema tu kwamba siri ni za namna mbili. Kuna siri ya mtu anayejifichia mwenyewe. Hiyo huogopa mwanga, na ikifichuliwa huleta kilio. Na kuna siri ya zawadi, anayeificha hujinyima ili mwenzake apate. Hiyo husubiri mwanga kwa hamu, nayo ikifunuliwa hujitetea yenyewe. Tungalizitofautisha siku ile, tusingalimwumiza mama yule. Tulimwomba radhi mbele ya mumewe.

Je, mambo yaliishaje? Majuma matatu baiskeli ilisimama nyuma ya mlango, na katekista aliendelea kutembea kwa miguu. Jumapili ya nne, alfajiri, alimwita mkewe akamwambia: “Mama, nishikie nipande.” Maana kwa kweli hakujua kuiendesha baiskeli ya gia. Mkewe alishika kiti, na kijana wao wa kidato cha pili alimweleza jinsi ya kuuhamisha mnyororo: gurudumu dogo la meno mbele na kubwa nyuma wakati wa kupanda, ili mguu uzunguke mara nyingi na mlima upungue kidogo kidogo. Majirani walicheka. Naye alicheka, akaanguka, akashikwa tena. Yule aliyewafundisha wengine miaka yote, siku hiyo alifundishwa na mwanawe na kutegemezwa na mkewe. Kabla ya kuondoka alisema neno moja ambalo mama alituambia hakulitarajia tena: “Asante.”

Tena tazameni kazi ya gia, ndugu zangu. Haiuondoi mlima, wala haimwongezei mpandaji misuli. Inaugawa mlima vipande vidogo ambavyo mguu wa mwanadamu unaweza kuvimudu. Ndivyo ulivyo upendo wa mume na mke. Milima ya maisha hubaki palepale: karo, maradhi, masika. Lakini anayekubali kusaidiwa huipanda.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, mama yule aliamka asubuhi akamkuta fundi juu ya jiko lake, na mabati mapya yameegemezwa ukutani. Mumewe hakuwa amemwambia. Alisimama mlangoni, akamtazama, akauliza: “Fedha hizi umezitoa wapi?” Kisha wote wawili wakaangua kicheko, na fundi juu ya paa asijue wanacheka nini.

Wapenzi wasikilizaji, juma hili tuchunguze mikono yetu. Ni nani nyumbani mwetu ametuletea kitu, nasi tukaanza kwa kuuliza bei? Ni zawadi gani imesimama nyuma ya mlango, ikisubiri tuinyenyekee? Nanyi makatekista, mnapowaandaa wachumba, msiwafundishe kutoa tu. Wafundisheni pia kupokea, na neno asante lisikauke midomoni mwao.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeinama mbele ya miguu yenye vumbi, utuvue kiburi kinachotufunga mikono. Utujalie kuwatambua wanaotupenda kabla hawajachoka kutupenda, na kuipokea kwa shukrani kila zawadi itokayo kwao, maana asili yake ni kwako. Amina.