Maji ni haki, siyo hisani: hotuba kwa vijana wa Tunduma



Hapa mpakani malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana. Ushuru unakusanywa. Lakini mama zetu bado wanaamka alfajiri kupanga foleni ya ndoo. Sasa jamani, hayo ni maendeleo ya nani?

Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitamka kwamba maji safi ni haki ya binadamu. Na Katiba yetu ya 1977, Ibara ya 8, inataka wananchi tushiriki kwenye shughuli za Serikali yetu. Kwa hiyo hatuombi, tunadai. Mkutano wa mtaa ukiitishwa, nenda. Uliza mapato na matumizi yamesomwa lini, na bomba letu liko wapi kwenye bajeti. Usipouliza wewe, atauliza nani?