Faili Moja Tu, Si Kompyuta Nzima

Msikilizaji, umefuta hesabu za duka kwa bahati mbaya. Bahati nzuri, diski yako ya nje ina nakala ya mfumo mzima wa Windows. Tulia. Usirudishe nakala yote! Ukiirudisha, kompyuta itakuwa kama ilivyokuwa siku nakala ilipotengenezwa, na kazi zote ulizofanya baadaye zitapotea.

Unataka faili moja? Chukua faili moja.

Kwenye Windows 10 au 11, chomeka diski. Fungua folda iitwayo WindowsImageBackup. Ukiombwa ruhusa, kubali. Pitia folda zilizo ndani yake, utafute faili kubwa kuliko yote. Jina lake huishia na herufi V, H, D, X. Libofye mara mbili. Litajitokeza kama diski nyingine. Ingia humo, fungua folda ya Users, kisha yenye jina lako. Hesabu zako hizo hapo.

Nakili, ubandike kwenye kompyuta. Nakili tu. Usifute wala kuhariri kitu humo, usije ukaiharibu nakala yenyewe.

Narudia: faili likipotea, chukua faili. Nakala nzima ingojee siku kompyuta itakapogoma kuwaka.