Kubeba Boksi kwa Mkataba

Dola 170,000 kwa mwaka, kazi ya kugawa vifurushi! Ujumbe huo ulizunguka kwenye magrupu yetu ya WhatsApp mwezi Agosti 2023, na hadi leo bado naulizwa: kaka, ni kweli UPS wanalipa hivyo? Kuna mwalimu wa sekondari aliniandikia kutoka Morogoro akitaka kujua kama leseni yake ya udereva ya Tanzania itamfaa huku Marekani.

Leo tunaufungua mkataba wenyewe. Ni mkataba kati ya kampuni ya UPS na chama cha wafanyakazi cha Teamsters, unahusu wafanyakazi wapatao 340,000 Marekani nzima, na unakwisha tarehe 31 Julai 2028. Nyumbani Tanzania tungeuita mkataba wa hali bora. Wakenya wao wamezoea kusema CBA, hasa tangu madaktari wao walipogoma siku 100 hadi Machi 2017.

Basi hiyo 170,000 ilitoka wapi? Aliyeitaja ni Carol Tomé, mkurugenzi mkuu wa kampuni, alipokuwa akizungumza na wawekezaji. Alisema dereva wa kudumu, mwishoni mwa mkataba wa miaka 5, atakuwa anapata kiasi hicho kwa wastani, mshahara pamoja na marupurupu. Ujumbe ulipofika kwenye simu zetu, neno marupurupu lilikuwa limeshadondoka njiani.

Tupige hesabu. Kiwango cha juu cha dereva kinatarajiwa kufikia wastani wa dola 49 kwa saa. Saa 40 kwa wiki, wiki 52: dola 101,920. Hapo bado ovataimu, na madereva hawa wanaifanya kweli, hasa kuelekea Krismasi. Kinachobaki ni pesa ambazo dereva hazioni kwenye akaunti yake: kampuni inalipia bima ya afya na mfuko wa pensheni kwa niaba yake. Kwa hiyo Bi. Tomé hakudanganya, ila alikuwa akiwaambia wenye hisa gharama, na sisi tukasikia mshahara.

Na dereva mpya haanzii huko. Anaanza na dola 23, na ngazi za kupanda hadi kileleni zinachukua miaka 4. Ukimwona jirani yako amevaa sare ya kahawia ya UPS na amenunua nyumba, muulize kwanza aliingia mwaka gani.

Sasa nije kwa wengi wetu, maana wengi wetu hatuanzi na usukani. Pale Louisville, Kentucky, ambapo UPS wana kituo chao kikubwa kuliko vyote cha ndege, na ambapo Kiswahili ni miongoni mwa lugha zinazosikika sana mashuleni kwa sababu ya ndugu zetu waliotoka Kongo na Burundi, kazi ya kuingilia ni ya usiku, ndani ya ghala, kupanga na kupakia mizigo. Watu wa Dar wamekuwa wakiita kila kazi ya ughaibuni kubeba boksi. Hii ndiyo yenyewe, boksi halisi.

Mkataba umeweka kima cha chini cha dola 21 kwa saa kwa wafanyakazi hawa wa saa chache. Umeahidi pia kwamba ukiitwa kazini utalipwa saa zisizopungua 3 na nusu. Tukizidisha siku 5, tunapata dola 367.50 kwa wiki, kabla ya kodi. Hapo mtu anakunja uso. Ghala la pili barabarani wanatoa dola 19 lakini saa 40, yaani dola 760. Kwa nini mtu mwenye akili achague ya kwanza?

Jibu liko kurasa nyingi baada ya jedwali la mishahara. Mfanyakazi wa saa chache, akishamaliza kipindi cha kungoja, anapata bima ya afya bila kukatwa mchango wa kila mwezi. Kwa aliyeko nyumbani hili linaweza kuonekana dogo, kwa hiyo nitaweka takwimu: kwa mujibu wa utafiti wa shirika la KFF wa mwaka 2024, bima ya familia inayopatikana kazini iligharimu wastani wa dola 25,572 kwa mwaka, na mfanyakazi wa kawaida wa Marekani alichangia dola 6,296 kutoka mfukoni mwake. Tena mchango wa mwajiri kwenye bima haukatwi kodi ya mapato. Mama mwenye watoto watatu, mmoja ana pumu, akichagua zile saa 3 na nusu za usiku na kutafuta kazi nyingine mchana, usimcheke. Amepiga hesabu kuliko wewe.

Hizo dola 21 nazo zina historia, na kwangu mimi ndiyo sehemu tamu. Kabla ya 2023 kiwango cha kuanzia kwa watu wa saa chache kilikuwa dola 15.50. Suala lao lilikuwa la zamani: mwaka 1997 wafanyakazi 185,000 waligoma kwa siku 15, na sehemu ya ushindi wao ilikuwa nafasi 10,000 za kudumu zilizopatikana kwa kuunganisha kazi za saa chache. Halafu ukaja mkataba wa 2018. Huo uliunda daraja jipya la madereva, wanaofanya kazi ileile kwa malipo ya chini kuliko wenzao. Wanachama walipiga kura, na asilimia 54 wakasema hapana. Ukapita! Katiba ya chama wakati huo ilisema kama waliopiga kura hawafiki nusu ya wanachama, basi kuukataa kunahitaji theluthi mbili. Waliopiga kura walikuwa asilimia 44 hivi.

Kwa hiyo maelfu ya madereva walilipwa pungufu kwa miaka 5 kwa sababu wenzao hawakupiga kura. Kanuni hiyo ilifutwa 2021, uongozi wa chama ukabadilika, na mkataba wa 2023 ukalifuta lile daraja. Safari hii asilimia 86.3 walisema ndiyo. Kila mtu aliongezwa dola 2.75 mwaka wa kwanza, na nyongeza za miaka yote 5 jumla yake ni dola 7.50. Ona jinsi zilivyopangwa: kubwa mwanzoni, senti 75 mwaka wa pili na wa tatu, dola 1 wa nne, kisha 2.25 mwishoni. Bei za vyakula zikipanda mwaka wa pili, senti 75 haziendi mbali.

Kuhusu ahadi ya viyoyozi kwenye magari ya kugawa, watu walishangilia sana, na mimi nilishangilia. Lakini soma vizuri: ni kwa magari yanayonunuliwa kuanzia Januari 2024. Aliye kwenye gari la zamani huko Arizona amepata feni.

Jambo jingine ni tarehe. Siku uliyoanza kazi ina thamani kubwa kuliko shahada yako, nasema hili nikijua litawaudhi wenye shahada. Nani achague likizo ya Desemba, nani apewe nafasi ya udereva ikitokea, nani aondolewe kwanza kazi zikipungua: mara nyingi inaamuliwa na nani alitangulia. Aprili 2025 kampuni ilitangaza kupunguza ajira 20,000 na kufunga majengo 73. Mkataba haukulizuia hilo, maana kampuni bado ndiyo mwenye majengo. Mkataba unapanga foleni ya kutokea, na wewe uliyeingia juzi uko mbele kwenye foleni hiyo.

Vilevile tenganisha kilichoandikwa na kinachotolewa kwa hiari. Pale Louisville kuna mpango wa Metropolitan College, ulioanzishwa 1998, unaowalipia ada ya chuo wafanyakazi wa usiku. Mpango mzuri, vijana wetu wautumie. Ila haukuzaliwa na mkataba wa chama, kwa hiyo usiuhesabu kama unavyoihesabu bima.

Kisha nidhamu. Sehemu kubwa ya Marekani mwajiri anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu. Chini ya mkataba huu lazima awe na sababu, na ukipinga, malalamiko yanapanda ngazi hadi kwa mwamuzi ambaye uamuzi wake unazifunga pande zote. Ukiitwa ofisini na unahisi maswali hayo yanaweza kukuletea adhabu, una haki ya kumtaka mwakilishi wa chama awepo. Mahakama ya Juu ya Marekani iliithibitisha haki hiyo mwaka 1975. Lakini ni lazima uiombe. Hawatakukumbusha. Na ukiletewa karatasi ya kusaini ambayo huielewi vizuri, sema hivyo mbele ya mwakilishi kabla ya kushika kalamu.

Je, chama kinaweza kukuangusha? Ndiyo. Kule Fort Morgan, Colorado, wafanyakazi Waislamu, wengi wao Wasomali, walifukuzwa kiwanda cha nyama cha Cargill kwenye mgogoro wa muda wa sala. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.5, na tawi la Teamsters lililopaswa kuwatetea likalipa dola 153,000. Chama kina wajibu wa kisheria kumtetea kila aliye chini ya mkataba kwa haki, na wajibu huo unashitakika.

Mwisho, ada, kwa sababu najua ndilo swali litakalojaa kwenye maoni. Wanachama wengi wa Teamsters wanakatwa kwa mwezi kiasi cha malipo ya saa 2 na nusu. Kwa dola 21, ni dola 52.50. Kentucky, Texas, Georgia na majimbo mengine zaidi ya 20 yana sheria inayokuruhusu usilipe kabisa, na bado mshahara wa mkataba ukaupata. Wapo ndugu wanaofanya hivyo, siwahukumu, dola 52 nyumbani ni ada ya mtoto. Ila asiyejiunga hapigi kura ya mkataba, na mwaka 2028 kutakuwa na kura nyingine.

Ukitaka mkataba wenyewe, muombe mwakilishi wa chama kitabu cha kitaifa na kile cha nyongeza cha eneo lako, vyote viwili, kwa sababu mambo kadhaa, ovataimu ikiwemo, hutofautiana kati ya eneo na eneo. Wiki ijayo tunaenda viwanda vya nyama.