Zima, Washa, si Dawa



Leo nina kisa cha mtambo. Ofisi moja, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa ikipokea maombi ya vijana kwa njia ya tovuti. Tovuti hiyo iliwekwa ndani ya seva, yaani kompyuta inayozihudumia kompyuta nyingine, na kila siku ifikapo saa nne asubuhi seva hiyo ilizirai. Haikuzimika. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini ukiiita haiitiki. Kijana wa zamu alikuwa na dawa moja tu: anaizima, anaiwasha, inafufuka. Saa sita inazirai tena.

Mambo yalikwenda hivyo mwezi mzima, na kijana akasifiwa kwa wepesi wake. Nilipoitwa nilimwomba jambo moja: "Mwanangu, kesho ikizirai usiizime. Tuitazame kwanza." Maana ukizima, ndugu zangu, yote yaliyokuwamo katika kumbukumbu ya mtambo yanafutika. Ni sawa na kuosha damu kabla polisi hawajafika.

Kesho yake saa nne tukaketi mbele yake. Ubongo wa mtambo ulikuwa hauna kazi. Iliyokuwa ikihema ni diski. Tukafungua daftari la matukio la Apache, programu iliyokuwa ikiwapokea wageni wa tovuti. Mstari ulikuwa uleule kila siku: watumishi wamefika kikomo. Kwa mpango uliotumika pale, kila mgeni hupewa mtumishi wake, na kikomo cha kawaida ni watumishi 256. Kila mtumishi alikuwa akila megabaiti 40 hivi. Piga hesabu: zaidi ya gigabaiti 10. Mtambo ulikuwa na gigabaiti 4! Kumbukumbu ilipojaa, ukaanza kuazima nafasi kwenye diski, iliyo ya polepole mno, na kazi ikasimama.

Tukapunguza watumishi hadi 50. Seva haikuzirai tena, lakini foleni ikawa ndefu. Basi tukauliza swali la pili: kwa nini mtumishi anakaa na mgeni mmoja muda wote huo? Kumbe kila jina lilipotafutwa, rejesta nzima ilisomwa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa haikuwa na faharasa. Tuliiweka kwa amri ya mstari mmoja tu. Kazi ya sekunde 20 ikawa ya chini ya sekunde moja.

Wapo watakaosema kwamba kompyuta ikizirai hafi mtu. Nawakumbusha mji wa Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991. Mtambo wa makombora ya Patriot ulikuwa umewaka mfululizo kwa zaidi ya saa 100, na kwa kosa dogo la hesabu saa yake ya ndani ilikuwa imepotoka kwa kama theluthi moja ya sekunde. Kuuzima na kuuwasha kungeirudisha sawa. Askari walikuwa wameonywa wasiuache ukiwaka muda mrefu mno, ila hawakuambiwa ni muda gani. Kombora la Scud likapita, wakafa askari 28 wa Marekani. Programu iliyosahihishwa ilifika kesho yake.

Nasi pia tulichelewa. Siku tuliyoiponya seva, mwisho wa kupokea maombi ulikuwa umepita jana yake. Nje nilimkuta binti mmoja benchini, bahasha mkononi. "Shikamoo mzee," akasema. "Nimejaribu siku tatu." Ndani wakamwambia arudi mwakani.

Sisemi kuzima na kuwasha ni dhambi. Watu wakingoja mlangoni, washa. Lakini kabla ya kuzima andika ni saa ngapi na ni kitu gani kimejaa, na ukishawasha lisome daftari. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na safari hii aliyeumbuka si mgonjwa wala mganga, bali yule binti wa benchini.

Hadi juma lijalo, kwaherini.