Je, Roho ya Mtu Hutakata Yenyewe?

Siku hizi za Jubilei twafurahi kuhesabu waliobatizwa, na madaftari ya ubatizo yamejaa majina. Walakini kuna swali ambalo madaftari hayawezi kulijibu. Mama mmoja, Mkristo wa miaka mingi, alitujia akilia, akasema, "Padre, nimebatizwa tangu utoto, na Kumunio napokea. Mbona ningali namchukia jirani yangu? Labda yale maji hayakuniingia." Tulimwambia asiogope, tukaenda zetu. Leo twaona kwamba jibu lile lilikuwa la haraka mno, nasi twapenda kulijibu swali lake upya mbele yenu.

Kwanza tuitazame lugha yetu. Twasema mbingu zimetakata, maana mawingu yameondoka wala hakuna aliyeyafagia. Bali nguo yenye taka haitakati hivyo. Hutakaswa, na sharti awepo wa kuitakasa. Neno mtakatifu latoka katika shina lilo hilo, nasi twadhani wengi wetu huifanya roho kuwa kama mbingu: ngoja tu, mawingu yatapita. Tena neno roho lenyewe hututia taabu. Huku pwani mtu akiambiwa ana roho, maana yake ni mlafi! Na kwa kuwa twamtaja Roho Mtakatifu kwa neno hilo hilo, wako wadhanio ya kuwa siku ya ubatizo roho ya mtu hugeuka ikawa Roho Mtakatifu. Sivyo. Roho ya mtu hubaki kiumbe. Roho Mtakatifu ni Mungu, ajaye kukaa ndani yake na kuitengeneza.

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho aliwaita watakatifu tangu mwanzo wa waraka wake. Kisha katika waraka ule ule akawakemea kwa magomvi, kwa kushitakiana, kwa uzinzi, na kwa ulevi penye chakula cha Bwana. Hakuwavua jina lile, wala hakuwaambia kwamba kazi imekwisha. Walikuwa mali ya Mungu kweli, na uchafu wao ulikuwa uchafu kweli.

Mambo hayo mawili yawezaje kukaa pamoja? Unguja iko mfano wake. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash alifunga masoko ya watumwa, na Krismasi ya mwaka ule ule likawekwa jiwe la msingi la Kanisa Kuu pale Mkunazini, mahali palipokuwa soko. Tangu hapo mtu hakuuzwa tena pale. Walakini mashambani watumwa walikuwa wangali watumwa, na sheria ya Unguja haikuacha kuutambua utumwa mpaka 1897, yaani miaka 24 baadaye. Hata hapo, aliyetaka uhuru alipaswa kwenda mwenyewe barazani kuuomba, na wengine hawakwenda. Mfano huu haufiki mbali, kwani watumwa wale hawakuwa na hatia ya utumwa wao, nasi tunayo hatia ya dhambi zetu. Lakini kwa jambo moja wafaa: ubatizo hulifunga soko, na shetani hana ruhusa tena ya kutuuza. Mazoea ya shambani ni kazi ya miaka, na kila siku yatupasa kwenda kuomba.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Thagaste katika nchi iitwayo leo Algeria, alibatizwa na Ambrosi huko Milan siku za Pasaka 387. Miaka kama 10 baadaye, naye ni Askofu, aliandika Maungamo yake, akaungama mbele ya wasomaji wote ya kuwa angali akijaribiwa kwa chakula, kwa ndoto, na kwa kupenda kusifiwa. Hakusema kwamba ubatizo wake haukumwingia.

Wako Wakristo wasemao, wakimfuata John Wesley, kwamba mtu aweza kufikia pendo kamili katika maisha haya. Nao Waluteri husema kwamba mwenye haki hubaki pia mwenye dhambi mpaka kufa. Ugomvi huo hatuuamui leo. Hakuna hata mmoja wao afundishaye kwamba roho hutakata yenyewe.

Kosa, twaungama, limekuwa letu sisi waalimu na mapadre. Tumewafundisha wakatekumeni kwa bidii, tukawabatiza, tukaandika majina, kisha tukawaacha kama kwamba yote yametimia. Basi mtu akiona chuki ndani yake hudhani amedanganywa, au huificha.

Tulirudi kwa yule mama. Tulimwambia kwamba machozi yake yenyewe ni kazi ya Roho, maana aliyekufa haoni uchafu wake. Jirani yake aliitwa, akaja. Hawakupatana siku ile, ila waliketi mkeka mmoja, nasi tumeahidi kwenda tena Jumamosi.