Nati Iliyojificha

Nati iliyojificha nyuma ya injini haifunguliwi kwa nguvu tu. Fundi mwenye haraka hushika spana isiyoienea sawasawa. Huteleza, pembe za nati zikalika, na kazi ikawa ngumu zaidi. Mwenye busara huchagua spana ya pete ya kipimo kile kile, inayoshika pembe zote sita. Pete isipopita, hutumia spana ya mdomo wazi, akiigeuza juu chini kila mzunguko mdogo, mpaka nati ilegee.

Ndugu, je, kijana wako ameufunga moyo? Maneno makali yameteleza mara ngapi? Katika Wagalatia 6:1 Paulo atuagiza kumrejeza aliyekosa kwa upole. Leo mwendee, umsikilize kwanza.

Tuombe. Ee Bwana, tupe mikono ya subira. Amina.