Mpangaji, Mwenye Nyumba na Kipimo cha Umeme

  

Ndugu zetu Waislamu, tunaziusia nafsi zetu na zenu kumcha Mwenyezi Mungu. Imo katika Qur'ani sura iliyopewa jina la wapunjao vipimo, nayo ni Suratul Mutaffifin. Wengi wetu tunapoisikia hukumbuka pishi ya mchele na mizani ya sokoni. Leo twapenda kuizungumza kwa kipimo kingine, kilichotundikwa ukutani mwa nyumba zetu, ambacho hatukitazami mpaka taa zizimike: mita ya umeme. Na tutasema hasa juu ya mpangaji, kwa kuwa yeye hutumia mita isiyo yake katika nyumba isiyo yake.

Tanzania Bara, mita nyingi za majumbani ni za LUKU, yaani Lipa Umeme Kadri Utumiavyo. Mtu hununua kwanza, kisha hutumia. Hulipa kwa simu, kwa benki au kwa wakala, akapewa tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita. Tarakimu hizo ni za mita moja tu; aliyekosea namba ya mita amewanunulia wengine umeme. Hayo ni mepesi. Yaliyo mazito yamo katika stakabadhi, ambayo wengi huifuta pasi na kuisoma.

Aliyetoa shilingi 10,000 hapati umeme wa shilingi 10,000. Hukatwa kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya REA ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Hizi zinamhusu mwenye kutumia umeme, wala hana haki ya kumlalamikia mwenye nyumba kwazo. Lakini limo kato jingine la namna tofauti. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukusanywa kwa njia ya mita. Kwa nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na tangu Julai 2023 ikawa shilingi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Isiponunuliwa umeme miezi kadhaa, kodi hiyo hulimbikizwa, na anayenunua mara ya kwanza baada ya hapo hukatwa yote kwa pamoja. Ndipo mpangaji mpya, aliyeingia jana na virago vyake, hujikuta analipa miezi ambayo nyumba ilikuwa tupu.

Ni nani adaiwaye hapo? Kodi ya jengo ni deni la mwenye jengo. Mafakihi waliozungumzia ijara wamelieleza jambo hili kwa jumla: yanayohusu mali yenyewe humlazimu mwenye mali, na anachokiteketeza mpangaji kwa matumizi yake humlazimu mpangaji. Basi mwenye nyumba anayejua kuwa mpangaji amemlipia shilingi 18,000 kwa mwaka, naye akapokea kodi ya pango kamili bila ya kumrudishia wala kumpunguzia, na ajiulize ameihalalisha kwa njia gani. Wakiwa wamekubaliana tangu mwanzo kwamba imo ndani ya pango, hakuna neno. Ubaya uko katika kunyamaza. Na mpangaji naye asidai kwa maneno matupu. Azihifadhi stakabadhi, ampelekee mwenzake kwa adabu.

Sasa tuitazame mita moja inayotumiwa na kaya nyingi, kwani humo ndimo mwenye dhiki huumia zaidi. Bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016 ziliwatenga wateja wadogo wa majumbani, ambao wastani wao hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Hao walipangiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Mteja wa daraja la kawaida alipangiwa shilingi 292. Sasa zichukulieni kaya tatu, kila moja ikitumia uniti 60. Kila kaya ingekuwa na mita yake na kuwekwa katika daraja la wadogo, ingelipa shilingi 6,000. Zikiwa chini ya mita moja, mita huona uniti 180, huhesabu kuwa ni mtu mmajo mwenye matumizi makubwa, na gharama yote huwa shilingi 52,560, yaani shilingi 17,520 kwa kila kaya. Hapana aliyeiba hapo, lakini maskini amenunua kwa bei ya tajiri. Mwenye nyumba mwenye uwezo wa kuwaombea wapangaji wake mita zao, na asifanye kwa uvivu tu, amewanyima nafuu kubwa kuliko sadaka anayowapa mwezi wa Ramadhani.

Ikiwa mita ni moja na haina budi iwe moja, basi mgawanyo uwe wa haki. Kugawa kwa vichwa au kwa vyumba ni rahisi, ila hakulingani daima na haki. Uniti moja ni wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Pasi ya wati 1,000 humaliza uniti moja kwa saa. Taa ya wati 10 huwaka saa 100 kwa uniti hiyo hiyo. Basi mjane mwenye taa moja na redio hawezi kuchangia sawa na jirani mwenye jokofu la kuuzia barafu. Vijana wetu wanafunzi wanaopanga pamoja na waifanye hesabu hii kwa kalamu. Ni somo jema kuliko ugomvi wa kila mwisho wa mwezi. Walio na uwezo wafunge mita ndogo kwa kila chumba. Na mwenye nyumba anayewauzia wapangaji kwa mita ndogo hizo awaonyeshe stakabadhi ya LUKU, wajue uniti imenunuliwa kwa kiasi gani. Anayenunua kwa bei moja, akawaambia nyingine na kuificha ya kwanza, huyo ndiye sura ile ilimshukia.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, imetuamrisha kuyaandika madeni. Basi siku ya kupokea funguo, mpangaji na mwenye nyumba wasimame pamoja mbele ya mita. Waandike namba yake, uniti zilizomo, na kama lipo deni la nyuma. Kisha waandike nani atalibeba, na kodi ya jengo itarejeshwa vipi. Siku ya kuhama wafanye vivyo hivyo. Uniti zilizobaki ndani ya mita ni mali ya aliyezinunua, hata zikiwa kumi. Ama alipwe thamani yake, ama aseme kwa ulimi wake kuwa amezisamehe.